Bega Lililobaki Wazi

Watu wengi huacha kazi wakiwa na mvi. Mimi nimeacha nikiwa na miaka thelathini na moja, kwa sababu mshipa mmoja wa kiganja cha kulia umechoka kabla ya mwenye kiganja. Daktari aliniambia nichague kati ya sindano na kijiko. Nimechagua kula. Kwa hiyo Arsène na Kevine, ninyi mnaobaki na chumba, mashine na vile viti viwili, nawaandikia haya kabla sijaanza kuyapamba. Ukurasa huu nimeuandika upya mara sita, na mara ya tano nilibadilisha neno moja tu. Mnanijua.

Jinsi chumba kilivyokua mnaijua, hamnihitaji niwaeleze. Nitaeleza siku za mwanzo, vyombo, mtu aliyenifundisha usafi, na Nadège, msichana ambaye nusura apoteze ndoa yake kwa sababu ya maneno mawili niliyoyachora vizuri sana mahali pabaya.

Kuchora tatuu sikufundishwa na mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naishi kwa mama, mtaani Buterere, na nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka. Nilitazama video za watu wa mbali wakichora ngozi nyeupe, nikanakili kila kitu katika daftari, hata namna walivyokunja mikono ya shati. Nilianza na maganda ya ndizi. Baadaye nikawa nanunua ngozi ya nguruwe kwa muuza nyama ya kuchoma. Alinifungia katika mifuko miwili ili majirani wasione, maana alikuwa ameamini kwamba natengeneza dawa za kuwaroga watu. Sikumkatalia. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

Mama hakutaka kulitamka neno tatuu. Kwa majirani alisema, "Belyse anachora," wao wakadhani nachora vibao vya maduka. Kwangu alisema mara moja tu, akichambua mchele, bila kuinua macho.

"Mungu alikuumba, hakukosea. We unasahihisha nini?"

Nawaambia ukweli ambao wateja hawakuwahi kuujua. Sijui kama mimi mwenyewe napenda tatuu. Napenda mstari. Napenda mstari unaoanza mahali ulipopaswa kuanza na kuishia mahali ulipopaswa kuishia. Mwilini mwangu nina mmoja tu, pajani, wa urefu wa vidole vinne, niliouchora siku ya kwanza kujaribu mashine. Umepinda kama njia ya kwetu baada ya mvua.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa kijana jirani, dereva wa taksi-moto, pikipiki ya kubeba abiria. Alitaka kundi lake la damu kwenye mkono, upande wa ndani. "Nikianguka, wasipoteze wakati," alisema. Nilikaa naye uani, nikanawa mikono, nikanywa maji, nikanawa tena.

"Dada, mwenye kuogopa ni we ao ni mi?"

"Ni wote wawili."

"Bon. Tuogope pamoja."

Ilikuwa herufi moja na alama ya kujumlisha. Nilitumia saa moja na nusu.

Baada ya siku chache alikuja mjomba wake. Alikuwa mzee mrefu aliyetumia maisha yake yote kazini hospitalini, akifunga vidonda na kupiga sindano. Alisimama mlangoni bila kupiga hodi. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Muzee Gaspard.

"Ni we ulimutoboa mutoto ya dada yangu?"

Nikasema ni mimi. Nilidhani polisi wako nyuma yake.

"Sindano ulichemusha?"

"Niliipitisha kwenye kiberiti."

Aliomba kiti. Akakaa, akasema, "Sikiliza. Mi hii kazi yako siipendi. Mwili si ubao ya shule. Lakini naona utaifanya tu. Basi utaifanya kama muganga wa hospitali, si kama fundi wa viatu."

Kila mnachokifanya leo kabla ya kuwasha mashine kilitoka kwa mzee huyo. Sindano moja, mtu mmoja, kisha inatupwa ndani ya chupa ngumu, si kwenye mfuko. Glavu zikigusa simu, zimekufa, chukua nyingine. Vyuma vinakaa ndani ya sufuria ya presha, na saa inahesabiwa kuanzia mvuke unapopiga mluzi, si kuanzia unapokumbuka. Na kabla ya kumgusa mtu, omba kuona kovu lake la chanjo ya utotoni, lile la begani. Kama limevimba na kung'aa, mwambie ngozi yake inajenga milima, arudi nyumbani salama. Video zote nilizotazama hazikuwa na kovu hilo. Hazikuwa pia na ngozi yetu. Niligundua peke yangu kwamba kwenye ngozi yetu mistari inataka nafasi, na kwamba rangi ya njano ni kupoteza wino.

Muzee Gaspard alimaliza kila somo kwa maneno yale yale. Alivaa kofia, akasema, "Na bado siipendi," akaenda.

Tulipohamia mtaa wa Rohero, kwenye chumba hiki nyuma ya duka la vitambaa la Mama Zuhura, nilidhani nimepata mtu mwenye moyo laini. Ninyi mnajua. Familia yake ilitoka Oman zamani sana, yeye amezaliwa hapa, na hakuna anayemshinda kwa kukataa huku anakukaribisha. Alinionyesha chumba, akanionyesha bomba, akanionyesha dirisha.

"Kwetu hii ni haramu, mwanangu, nakwambia mapema usije ukasema sikukwambia. Kuna hina. Mutu akijuta mwezi huu, mwezi ujao imetoka. Hii yako akijuta atafanya nini?"

"Atajuta tu, Mama."

"Basi. Adhana ikianza, zima hiyo mashine. Na mulangoni usiandike kitu."

Hatujaandika kitu mpaka leo, na adhana ikianza mashine inazimwa. Wateja wengine hulalamika. Waambieni wanyooshe miguu. Umeme nao utawakatikia bila adhana. Niliwahi kumwacha mtu na nusu ya simba siku mbili nzima. Alirudi akiniambia watoto wake wameanza kuipenda ile nusu.

Sasa Nadège.

Alikuja mchana, peke yake, kutoka Kinanira. Alikuwa mpole, na mkononi alikuwa na bahasha ya zamani ndani ya kitabu ili isikunjike. Nyuma ya bahasha kulikuwa na maneno mawili ya kalamu ya bluu: *Kula kwanza*. Ni mwandiko wa mama yake, aliyefariki Nadège akiwa bado shuleni. Mama huyo alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na nyumbani kwake Kifaransa kilikuwa cha wageni, Kirundi cha kila siku, Kiswahili cha kukasirika au kupenda. Siku alipoyaandika maneno hayo alitoka mapema, akaacha bahasha juu ya mfuniko wa sufuria. Karatasi nyingine za mama zilipotea wakati wa kuhama nyumba. Hii ilibaki.

"Naitaka hapa," Nadège alisema, akigusa bega la kushoto. "Nikigeuza kichwa niione."

Nilifanya yote niliyofundishwa. Nikaangalia kovu la chanjo, nikauliza kuhusu dawa, kuhusu jua, kuhusu kazi anayofanya. Nikanakili ule mwandiko siku nne. K ilikuwa na mguu mrefu. Kwenye w kalamu ilikuwa imekauka kidogo, ikaacha mwanya mwembamba, nami nikauacha mwanya ule ule, kwa sababu hapo ndipo mama alipotikisa kalamu. Siku ya kuchora joto lilikuwa kali, karatasi ya kunakilia ikawa inateleza kwa jasho, nikaibandika upya mara tatu. Nilipomaliza Nadège alijitazama kwenye kioo, akatoa bahasha akaishika kando ya bega. Huwezi kutofautisha. Nasema hivi mimi ambaye huweza kutofautisha kila kitu.

Miezi mitatu baadaye alirudi na shangazi yake, dada wa baba, mama mwenye mkoba mkubwa na sauti ya mtu aliyelea watoto wa watu wengi. Hakukaa.

"Ni huyu?"

"Ndiyo, shangazi."

"We mutoto, uko Murundi?"

Nikasema ndiyo.

"Umeshaona imvutano?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa wasioijua, imvutano ni vazi letu la sherehe, vitambaa viwili, na kile cha juu hufungwa kwenye bega moja. Bega lingine hubaki wazi. Siku ya kuja kuomba msichana, wakwe wanakaa upande wao, wetu wanakaa upande wetu, wasemaji wanasema maneno yao marefu, kisha msichana anatolewa ndani akiwa amevaa imvutano. Nami nilikuwa nimechora kwenye bega lililo wazi. Nilikuwa nimevaa imvutano kwenye sherehe za binamu zangu wote. Niliuliza kuhusu jua, dawa na kazi. Kuhusu imvutano sikuuliza, kwa sababu watu wa kwenye video zangu hawavai imvutano.

"Tufunge upande mwingine," nilisema.

"Mabibi zake wote wamefunga upande huu. Tukibadilisha, kila mama atauliza kwa nini, na mi nitajibu nini?"

"Avae blauzi ndani."

"Kama anaenda sokoni?"

Mchumba wa Nadège, Thierry, alijua na hakujali. Tatizo lilikuwa mama yake. Mama Thierry aliongoza kwaya katika kanisa ambalo lilihubiri waziwazi dhidi ya tatuu, na kila mtu alijua kwamba aliwahi kumtoa msichana mmoja kwenye kwaya kwa sababu ya tatuu ya ua dogo kwenye kifundo cha mguu. Kama angeliona bega lile mbele ya watu, angeweza kuwainua watu wake warudi kwao. Yamewahi kutokea kwa mambo madogo kuliko hayo. Nadège alisimama kati yetu, akitazama sakafu.

"Kuna mutu anatoa hizi vitu na dawa," shangazi alisema. "Ya maji maji. Inachoma kidogo, lakini inatoka."

Muzee Gaspard alikuwa amekaa pembeni, amekuja kuangalia sufuria zangu kama kawaida yake. Akasimama.

"Mama, hiyo dawa naijua. Ni ya betri ya gari. Nimefunga mikono ya watu iliyopita kwa huyo mutu. Tatuaji inatoka, ndiyo. Na nyama inatoka. Mi sizipendi hizi tatuaji hata kidogo, muulize huyu. Lakini kati ya maandishi na kidonda, mutoto aolewe na maandishi."

Shangazi akakaa. Ndipo nikasema tuifunike kwa fondatè, ile rangi ya kupaka usoni.

Sikuwa nimewahi kufunika tatuu kwa rangi za urembo, lakini nilikuwa na wiki tano kabla ya sherehe na woga wa kutosha. Nilichanganya rangi saba mpaka nikapata ya bega lake, maana bega si rangi ya uso. Nilijaribu kwenye ule mstari wangu wa pajani. Tabaka la rangi ya chungwa kuua weusi wa wino, tabaka la kahawia, poda, kisha dawa ya kugandisha nywele ili vyote vishike. Nikajaribu maji. Nikajaribu jasho, nikikaa juani saa nzima na Mama Zuhura akiniuliza kama nimepata homa. Nikajaribu kitambaa chenyewe cha imvutano, nikisugua huku nahesabu. Kila jaribio niliandika kwenye daftari na tarehe. Nilikuwa najivunia. Nawaambia hili kwa sababu najua mtafanya majaribio yenu na mtajivunia.

Siku ya sherehe nilifika Kinanira asubuhi na mkoba wa rangi. Nikamfunika Nadège chumbani, shangazi akishika taa ya simu. Tulipomaliza shangazi aliinama, akatafuta, hakuona kitu. Akanipiga begani kwa upole.

"Mutoto, una mukono."

Nikakaa kwenye mlango wa jikoni, mahali pa kuona bila kuonekana. Hema lilikuwa jeupe, viti vya plastiki vimejaa pande mbili, wasemaji wakachezeana maneno mpaka watu wakacheka na kupiga makofi. Kisha Nadège akatoka na shangazi zake. Bega lake lilikuwa safi kama la mtoto. Nikapumua.

Kisha akaenda kuwasalimia wakwe.

Mnajua tunavyosalimiana. Hatupeani mkono tukaachana. Tunakumbatiana, upande huu, upande ule, upande huu tena, na mikono inashika mabega na kuyasugua huku tunaulizana habari za wote walio nyumbani. Nadège alikuwa na wakwe karibu themanini wa kusalimia. Nilikuwa nimejaribu maji, jasho, jua na kitambaa. Sikujaribu watu.

Wa kwanza kumi walipita salama. Baada ya hapo nikaona kola ya mjomba mmoja ina kahawia. Halafu mkono wa shati la mwingine. Nilitaka kukimbia nimvute ndani, lakini ningekimbilia wapi, katikati ya mistari miwili ya wazee? Mama Thierry alikuwa karibu na mwisho wa mstari, amevaa imvutano nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Alimkumbatia Nadège mara tatu, akamsugua bega kwa kiganja chote, akaachia. Akatazama kiganja chake. Akatazama kitambaa chake cheupe, chenye alama ya kahawia kama mchuzi. Kisha akalitazama bega.

Msemaji wao alikuwa anaendelea kusema. Akanyamaza katikati ya neno. Thierry aliinuka kwenye kiti, mama yake akamwonyesha kiganja kile chenye rangi, Thierry akakaa.

Mama Thierry alimgeuza Nadège taratibu kuelekea mwanga, akasoma kwa sauti, kama anasoma namba ya wimbo.

"Kula kwanza." Akasubiri. "Ni nini hii?"

"Ni mwandiko wa mama yangu," Nadège alisema. Sauti yake ilisikika hadi jikoni. "Aliniachia kwenye sufuria. Sina mwingine."

Shangazi alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mi sipendi," Mama Thierry alisema. "Ujue hivyo leo, mbele ya watu wote, usije ukasema nilikuchekea. Sipendi, na kwa kwaya yangu hautaimba na bega hiyo wazi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Lakini kunipaka rangi kwa nguo ili nisione, hiyo ndiyo siwezi. Mutu anaingia kwangu akiwa amefunikwa, kesho atafunika nini? Nani alikupaka?"

Macho ya shangazi yalikuja moja kwa moja mlango wa jikoni, na macho ya watu wote yakayafuata.

"Kuja," Mama Thierry aliniambia. "Na kile unatoa nacho. Utoe yote."

Nilitembea kati ya mistari ile miwili na chupa ya mafuta ya watoto na pamba. Ni hatua kama ishirini, na nilikuwa nahesabu. Nikaanza kufuta mbele ya hema zima. K ikajitokeza. Kisha ule mwanya wa kalamu iliyokauka. Nilipofika kwenye mguu wa mwisho wa n, katika mwanga ule wa mchana, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona chumbani kwetu. Wino ulikuwa umevuja kidogo, unene wa unywele, upande mmoja tu. Kazi yangu bora kuliko zote ilikuwa na kosa. Mkono wangu ulisimama hapo. Nilitamani kumwomba Nadège arudi wiki ijayo nirekebishe, nilitamani kumwomba msamaha, nilitamani kuomba msamaha kwa bahasha.

"Rangi imetoka yote?" Nadège aliniuliza bila kugeuka.

"Imetoka yote," nikasema. Kuhusu n sikusema kitu.

Mama Thierry akanyoosha mkono, nikampa pamba, akajifuta kiganja polepole, kidole kwa kidole. Akanirudishia pamba.

"Ile ya kwanza tulisalimiana na rangi," alimwambia Nadège. "Haihesabiwi."

Akamkumbatia upya, upande huu, upande ule, upande huu tena, akimuuliza habari za baba, za shangazi, za wote walio nyumbani, na mkono wake ukakaa juu ya yale maneno muda wote aliokuwa akiuliza.